Wanalipa Ngapi?

Oda iliingia saa tatu usiku, Machi 2021. Kurasa sita, vyanzo visivyopungua vitano, dedlaini saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi alikuwa wa chuo fulani Colorado, Marekani, na swali lake lilikuwa hili: je, waajiri walazimishwe kutangaza hadharani mishahara ya wafanyakazi wao? Alitaka jibu liwe ndiyo. Sisi tuliokuwa tukifanya kazi hiyo hatukuwa na shida na majibu. Ukitaka ndiyo unapewa ndiyo, ukitaka hapana unapewa hapana, bora ukurasa ufike maneno 275.

Nilikuwa naishi Kahawa Wendani, chumba kimoja, ghorofa ya nne. Chuo nilikuwa nimekiacha mwaka mmoja kabla. Tuseme nilikiacha, ingawa ukweli ni kwamba kilifungwa kwa sababu ya korona Machi 2020, na kilipofunguliwa karo haikuwepo, na mimi nilikuwa nimeshaonja pesa ya kuwaandikia wenzangu wa ng'ambo. Tasnifu yangu mwenyewe sijawahi kuandika. Za watu wengine nimeandika nne.

Usiku huo nikasoma. Nikajua kwamba tangu Januari 1 mwaka huo, sheria ya Colorado ilimtaka mwajiri anayetangaza nafasi ya kazi aandike pia mshahara, au angalau kiwango cha chini na cha juu. Nikajua kwamba Norway orodha za kodi ziko wazi, kwamba mtu anaweza kutafuta jirani yake alipata kiasi gani, na kwamba tangu 2014 yule jirani naye anaweza kuona nani alimtafuta. Hilo lilinichekesha peke yangu gizani. Nikaandika kwa moto kweli. Niliandika kwamba mfanyakazi asiyejua bei ya kazi yake hawezi kupatana na mwajiri, anaweza tu kuomba. Nilijisikia wakili.

Malipo yangu yalikuwa soo tatu kwa ukurasa. Kurasa sita, 1,800. Bosi, yaani mwenye akaunti, ndiye aliyekuwa akizungumza na tovuti na kupokea dola. Sisi tulikuwa wanane kwenye grupu lake la WhatsApp, na hakuna aliyejua mteja analipa ngapi. Tulichojua ni kile alichotuambia kila mara: soko ni mbaya, wateja wamekuwa wagumu, vumilieni.

Saa kumi alfajiri akanitumia ujumbe. Alikuwa safarini kwenda Kisii kwa mazishi, mtandao unapotea njiani, kwa hivyo niingie kwenye akaunti niipakie kazi mwenyewe. Akanitumia neno la siri. Nikaingia. Pale juu, kando ya namba ya oda, palikuwa pameandikwa dola 72.

Siku hizo dola ilikuwa kama shilingi 110. Nilipiga hesabu kwa simu, nikapiga tena: 7,920. Changu 1,800. Hata robo haikufika. Nikaipakia ile insha yenye hoja nzito kuhusu haki ya mfanyakazi kujua, nikafunga laptopu, nikalala na nguo.

Aliporudi nilimpigia. Hakukasirika, na hilo lilinisumbua zaidi. Akanieleza kwamba akaunti aliinunua kwa pesa nyingi, kwamba tovuti inakata faini ukichelewa, kwamba mteja akikataa kazi yeye ndiye anayebaki na hasara, kwamba kazi ya mtu mwingine akiisahihisha usiku hakuna anayemlipa. Yote yalikuwa kweli. Nilipoendelea kulalamika akaniuliza, "Sasa buda, wiki jana soo tatu ilikuwa inakutosha ama haikuwa? Kitu kimebadilika ni nini, si ni wewe kuona tu?"

Sikuwa na jibu. Kilichobadilika kilikuwa hicho tu, mimi kuona.

Akanipandisha hadi soo nne. Akaongeza: "Lakini hiyo ibaki kati yetu." Ikabaki. Kwenye grupu walikuwako wengine saba, mmoja wao ana mtoto mchanga na alikuwa akiandika kunizidi, na mimi nilinyamaza kwa shilingi mia moja kwa ukurasa. Nikiulizwa siri ya mshahara inalindwaje, sihitaji utafiti wa Marekani. Anayejua nusu ya ukweli hupewa kitu kidogo, na kuanzia siku hiyo naye anakuwa mlinzi.

Nilikulia katika nyumba ambayo siri ya namna hii haikuwepo kabisa. Mamangu ni mwalimu wa shule ya msingi, Kakamega. Mshahara wa mwalimu wa serikali unafuata daraja, na daraja linajulikana. Kila mtu kijijini alijua Mama anapata ngapi, kuanzia mwenye duka hadi shemeji zake, na waliijua hata tarehe. Mwisho wa mwezi hatukukosa wageni. Kuna aliyekuja kusalimu tu, akakaa hadi chai ya pili, kisha akakumbuka mtoto wake amefukuzwa shule. Kwenye harambee za kanisa, jina la Mama lilisomwa mapema, na mwenye kipaza sauti alishajua kiwango asichoweza kukwepa. "Mwalimu tunamjua," angesema, watu wakacheka.

Mama alikuwa akisema mshahara wake ni mbuzi aliyefungwa kando ya barabara: kila apitaye amemkadiria kilo. Baba naye alikuwa fundi wa mbao, na hakuna aliyejua mfuko wake una nini, kwa hivyo hakuna aliyekuja kumwomba. Wakati mwingine Mama alimkasirikia kwa hilo. "Wewe unaweza kusema huna," alimwambia. "Mimi hata nikisema sina, wananihesabia."

Basi watu wanaposema mishahara yote iwekwe wazi na dunia itanyooka, mimi namfikiria Mama jikoni na wageni wake. Si kitu cha kuchekea. Kuna pesa za karo yangu zilizoondoka kwa mlango huo.

Lakini kuna upande wa pili wa hadithi hiyohiyo, na Mama ndiye aliyenisimulia. Mwaka 1997 walimu waligoma nchi nzima, serikali ikakubali kuwaongeza mishahara kwa awamu, na makubaliano hayo yakachapishwa kama Tangazo la Kisheria namba 534 la 1997. Awamu ya kwanza ililipwa, kisha serikali ikageuka. Walimu wakagoma tena mwaka uliofuata. Miaka mingi baadaye, wengi wao wakiwa wamestaafu, waliendelea kuidai pesa hiyo mahakamani. Mama anaitaja namba hiyo, 534, kama mtu anayetaja mstari wa Biblia. Anajua kabisa alidhulumiwa kiasi gani, kwa sababu kiasi chenyewe kilipigwa chapa. Na katika miaka yote aliyofundisha hajawahi kukaa kwenye ofisi ya walimu akijiuliza kama mwenzake wa daraja lake, mwanamume aliyeanza kazi naye, anapokea zaidi. Wanalipwa kidogo, lakini hicho kidogo wanakijua wote.

Mimi nilipojaribu kazi ya ofisi ndipo nilipoelewa maana ya jambo hilo. Ilikuwa kampuni ndogo Westlands, nafasi ya mwandishi wa maudhui. Tangazo lilisema "mshahara wa kuvutia kulingana na uzoefu". Wewe msomaji unayajua matangazo hayo. Yanataka cheti, barua kutoka kwa chifu, waamuzi watatu, mshahara wako wa sasa na ule unaoutarajia, lakini la kwao hawasemi. Ni kama kuingia Gikomba ambako muuzaji amekutazama viatu kwanza ndipo akutajie bei, isipokuwa hapa bei unaitaja wewe.

Kwenye mahojiano mama mmoja mpole akaniuliza, "Unatarajia ngapi?" Nikasema elfu ishirini na tano. Akaandika haraka sana. Nilipaswa kuelewa kutokana na kasi ya ile kalamu.

Miezi miwili baadaye, tukiwa kwa kibanda tunakula chapati madondo, mwenzangu wa meza ya pili, kazi ileile, siku ileile ya kuanza, alisema bila kufikiri kwamba elfu arobaini na tano haimtoshi kwa sababu ya kodi ya nyumba. Nikauliza alizipataje. "Niliitisha sitini," akasema. "Shangazi yangu yuko idara ya wafanyakazi mahali pengine, aliniambia nisiende chini ya sitini."

Nikafikiria namba yangu ilitoka wapi. Ilitoka kwa Mama. Ishirini na kitu ndicho nilichojua mwalimu mpya anaanza nacho, na nikaongeza kidogo kwa heshima ya Nairobi. Mshahara pekee niliowahi kuujua maishani ulikuwa ule uliotangazwa. Mwenzangu alikuwa na shangazi. Hapo ndipo wale wanaotetea siri wanaponichosha, wakisema mshahara ni makubaliano ya watu wawili huru. Mmoja wa wale wawili ana faili lenye mishahara ya ofisi nzima, na mwingine ana shangazi, au hana.

Sheria yetu ni nzuri ukiisoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya ujira wa haki. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamtaka mwajiri alipe ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sasa niambie, nitajuaje kwamba yangu na ya mwenzangu si sawa kama si kwa bahati ya chapati? Tumepewa haki ambayo ili uitumie lazima kwanza uvunje siri ya mtu.

Na tunajua kwamba namba ikiwekwa wazi inafanya kazi. Mishahara ya wabunge na mawaziri inapangwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi. Julai 2024, vijana wakiwa bado barabarani baada ya Mswada wa Fedha, watu walichimbua nyongeza iliyokuwa imechapishwa humo mwaka 2023, ikazungushwa kila simu, na baada ya siku chache Tume ikatangaza kuisitisha. Hatukuhitaji mtu wa ndani kutuvujishia. Ilikuwa imeandikwa. Sijui ni kwa nini tunaona ni kawaida kujua mbunge wa eneo langu anapata ngapi, na ni utovu wa adabu kuuliza kampuni inayonihoji inalipa ngapi.

Ofisini nilikaa miezi minne. Nilipoomba nyongeza nikiitaja ile arobaini na tano, niliulizwa nani ameniambia. Hawakuuliza kama ni kweli.

Nilirudi kwenye insha za wazungu, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya niandike haya yote, kwa hivyo acha niiseme bila kuzunguka.

Mapema 2022 nilinunua akaunti yangu kwa elfu sitini, nusu ikiwa deni. Kazi zilipozidi nikamwita mtoto wa mamangu mdogo, aliyekuwa akisoma Eldoret. Ananiita kaka, na nilimfundisha kuendesha baiskeli. Anaandika kuliko mimi. Hata sasa nasema hivyo. Nikamwambia nitamlipa mia tatu na hamsini kwa ukurasa. Nilijiona mkarimu, maana mimi nilianza na tatu.

Wiki ya kwanza aliniuliza, "Kaka, kwani hao watu wanalipa ngapi?"

Nikamwambia, "Inategemea."

Halikuwa uongo. Ilitegemea kweli: wengine dola kumi, wengine kumi na tatu. Nilikuwa nimejifunza sauti ya bosi wangu bila kujua ninajifunza. Soko ni baya. Wateja ni wagumu. Vumilia. Kila nilipomtumia pesa kwa M-Pesa alijibu "Asante sana kaka, Mungu akubariki", na mimi nikajibu "Amina". Sababu nilikuwa nazo, zilezile: akaunti niliinunua mimi, faini ni zangu, usiku wa kusahihisha ni wangu. Ukiwa juu ya ngazi sababu hazikosekani. Jambo moja tu ambalo sikuweza kujieleza ni kwa nini, kama sababu zangu ni nzuri hivyo, sikumwonyesha ile hesabu azione.

Desemba ile kulikuwa na oda kubwa, kurasa 20, aliyoiandika kwa siku tatu akiwa nyumbani kwao, watu wanachinja yeye yuko kwenye laptopu. Nikamwambia mteja amekataa kazi, kwamba nitamlipa nusu kutoka mfukoni mwangu. Akanishukuru kwa kumjali.

Mteja alikuwa amelipa.

Januari 2023 jarida la Time lilichapisha habari kuhusu vijana wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuainisha maandishi machafu, ili programu ya OpenAI ijifunze kuyaepuka. Mkataba, iliandikwa, ulikuwa wa dola 12.50 kwa saa. Mfanyakazi alibakiwa na kati ya dola 1.32 na 2. Mtu aliyenitumia habari hiyo alikuwa binamu yangu. Aliandika, "Kaka umeona hii? Watu ni wanyama." Nilikuwa ndani ya matatu, tumekwama Roysambu. Nikaisoma mara mbili, nikamjibu kwa kile kikatuni kinachotikisa kichwa.

Programu ile ndiyo iliyoimaliza kazi yetu. Kufikia katikati ya mwaka oda zilikuwa zimekauka, mwanafunzi wa Colorado akawa anajiandikia na mashine, na akaunti niliyoinunua kwa elfu sitini haikuwa na mnunuzi hata kwa tano. Sasa naandika hapa na pale, majarida, hotuba za harusi, maelezo ya bidhaa. Binamu alimaliza chuo. Anatafuta kazi, na mwezi uliopita alinipigia kuniuliza: kuna tangazo halisemi mshahara, wanataka aseme yeye, ataje ngapi?

Nilifungua mdomo kumpa ushauri, nikausikia ulivyo. Nikamwambia nitampigia.

Msimamo wangu ni huu, kwa kuwa nimewahi kukaa pande zote mbili za siri hii. Tangazo la kazi liseme mshahara. Kiwango cha chini na cha juu, kwa shilingi, kabla mtu hajapanda gari kwenda kuhojiwa. Na ndani ya ofisi, kila anayefanya kazi ajue daraja lake linaanzia wapi na kuishia wapi, kama walimu wanavyojua. Majina siyataki, ya Norway tuwaachie Norway. Mama angeamka usiku kutafuta shemeji zake wote, na wao wangeona ametafuta, na msiba ungefuata. Mtu abaki na peislipu yake mfukoni. Lakini bei ya kiti ijulikane kabla ya jina la atakayekikalia. Waajiri watasema wafanyakazi watagombana. Wataweza kugombana, ndiyo. Mimi na wale saba kwenye grupu hatukugombana kamwe, na ni kwa sababu hakuna aliyejua la kugombania. Watasema pia wenye uzoefu hulipwa zaidi. Sawa, waandike hivyo: huyu kwa sababu ya miaka, huyu kwa sababu ya cheti. Kinachowatisha ni pale kwenye safu ya sababu ambapo hawatakuwa na cha kuandika.

Nilikaa jioni mbili nikatoa rekodi zote za akaunti. Nikatengeneza jedwali: tarehe, kurasa, mteja alilipa nini, nilikupa nini. Kurasa 412. Wateja walilipa shilingi 531,000 na kidogo. Binamu alipata 140,700. Chini nikaweka faini nilizokatwa na bei ya akaunti, kisha nikazifuta, kisha nikazirudisha, kwa sababu nazo zilikuwa kweli. Nikamtumia Jumapili jioni pamoja na maneno machache kuhusu lile tangazo: elfu hamsini na tano, usishuke.

Alama za buluu zilitokea papo hapo. Kisha kimya, karibu saa moja. Nilidhani ataniuliza kuhusu jumla, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, maneno yangu yote ya mwenye akaunti nilikuwa nimeyapanga.

Akaandika, "Kumbe ile ya Krismasi walilipa."

Nilimtumia 3,500 kesho yake asubuhi. Hakuandika asante, wala Mungu akubariki. Aliandika, "Imefika."